Mwani wa Uroa na Uchumi wa Kisiwa Kidogo

Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya wakaazi wa Uroa na watumishi wa Serikali wa Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja

Kijiji cha Uroa kipo katika mwambao wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, kiasi cha kilomita 40 kutoka Mjini, baina ya Pongwe kwa upande wa kaskazini na Marumbi na Chwaka kwa upande wa kusini. Nyuma ya kijiji ni ardhi ya uwanda, yenye mawe mengi na udongo haba, isiyofaa kwa mkarafuu wala kwa mpunga. Mbele yake ni bahari ya ndani ya mwamba, ambayo maji yakipwa wakati wa bamvua huacha wazi mchanga na majani ya baharini kwa masafa marefu. Kwa sababu hiyo Uroa, tangu enzi za mababu, imekuwa ikielekeza uso wake baharini katika kutafuta riziki, na hadi leo hesabu ya matumizi ya nyumba nyingi huanzia pale maji yanapopwa.

Mazungumzo haya yanahusu hesabu hiyo. Si swali geni kuuliza pwani ya Uroa inazalisha nini, kwani jibu lake linaonekana kwa macho: samaki, pweza, makumbi, mwani, na kwa miaka ya karibuni wageni wa mahoteli. Swali linaloulizwa kwa nadra, nalo ndilo lenye uzito, ni hili: katika thamani ya vyote hivyo, ni sehemu gani inayobaki mikononi mwa watu wa Uroa, na ni sehemu gani inayoondoka na maji?

FUNZO LA KARAFUU

Uchumi wa kisiwa kidogo una tabia yake. Kisiwa hakiwezi kuzalisha kila kinachohitaji, hivyo hulazimika kuuza nje kitu kimoja au viwili na kununua kutoka nje karibu kila kitu. Bei ya kile kinachouzwa hupangwa na mnunuzi wa mbali, na bei ya kile kinachonunuliwa hupangwa na muuzaji wa mbali. Mwenye kisiwa hubaki katikati, akisubiri khabari.

Zanzibar imelijua jambo hili kupitia karafuu. Katika karne ya 19 zao hilo liliutajirisha Mji, lakini kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shina la karafuu za Zanzibar. Karibu miaka mia moja na zaidi baadaye likaja pigo la namna nyengine, lisilo na upepo. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe hata ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei katika soko la dunia ikaanguka vibaya. Mikarafuu ya Pemba haikuwa na kosa lolote. Ilizaa kama kawaida yake. Kilichokosekana ni mnunuzi.

Funzo la pili la karafuu ni la miaka ya karibuni. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha sana bei anayolipwa mkulima na Shirika la Biashara la Taifa, kwa azma ya kumpatia asilimia 80 ya bei ya soko la nje. Idadi ya mikarafuu haikuongezeka kwa tangazo lile. Kilichobadilika ni mgawanyo: sehemu kubwa zaidi ya thamani ilianza kubaki kwa mwenye kuchuma. Mafunzo haya mawili, la kutegemea mnunuzi mmoja na la mgawanyo wa thamani, yanafaa kuwekwa mbele ya macho kila yanapozungumzwa mazao ya pwani.

MAKUMBI NA UVUVI

Kabla ya mwani, mwanamke wa mwambao wa mashariki alikuwa na kazi yake ya fedha, nayo ni makumbi. Maganda ya nazi huzikwa katika mchanga wa pwani, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na mawimbi, yakaachwa miezi kadhaa hadi yaoze. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa gongo, hutolewa usumba, na usumba husokotwa kamba. Ni kazi ya subira na ya mgongo, na malipo yake ni madogo. Hata hivyo ina sifa moja ambayo haifai kupuuzwa: kuanzia ganda hadi kamba, hatua zote hufanyika hapo hapo kijijini. Kinachoondoka ni kamba iliyokwisha kusokotwa. Biashara hii ilidhoofika pale kamba za nailoni zilipojaa madukani kwa bei nafuu, ingawa bado haijatoweka.

Uvuvi nao ni kazi ya asili ya wanaume wa Uroa, kwa ngalawa, madema, mishipi na nyavu, wakati wanawake huchokoa pweza na kuokota chaza na kombe maji yanapopwa. Samaki wanapofika diko hunadiwa, na wachuuzi huwachukua kwenda nao Mjini au katika mahoteli. Mvuvi anayefika na samaki wake saa za joto bila ya barafu hana muda wa kubishana bei. Kila dakika inayopita inamnufaisha mchuuzi. Hapa ndipo inapoonekana kuwa barafu, ambayo kwa wengine ni kitu cha kupoza maji ya kunywa, kwa mvuvi ni silaha ya biashara.

Umeme uliifikia Uroa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa mradi wa kusambaza umeme vijijini uliosaidiwa na Serikali ya Norwei. Mtaalamu wa nchi hiyo, Tanja Winther, alifanya utafiti kijijini Uroa na mwaka 2008 akachapisha kitabu kizima kuhusu namna umeme ulivyogusa maisha ya watu wake. Mwaka huo huo Unguja yote iligundua jinsi neema hiyo ilivyoning'inia katika uzi mmoja. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Tanzania Bara ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mmoja. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 giza lilirudi kwa miezi mitatu. Pampu za maji zikasimama, na wenye kuuza samaki wa barafu wakaonja hasara. Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulianza kutumika mwaka 2013. Tukio lile lilionyesha wazi kuwa kisiwa kinachotegemea njia moja tu, iwe ya umeme au ya soko, hakina pa kukimbilia siku njia hiyo inapofungwa.

MWANI: NEEMA ILIYOINGIA KWA MLANGO WA WANAWAKE

Ilikuwa katika kipindi kile kile cha kuanguka kwa karafuu ambapo zao jipya lilichomoza pwani. Utafiti wa mwani nchini Tanzania ulikwisha kufanywa tangu miaka ya 1970 na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na haikuchukua muda kikaenea katika vijiji vya mwambao wa mashariki, Uroa ikiwa miongoni mwao. Mbegu hizo ni za aina mbili: spinosamu, ambayo ni stahamilivu na yenye bei ndogo, na kotonii, ambayo ni dhaifu lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Kazi yenyewe inajulikana kwa kila mkaazi wa Uroa, lakini inafaa kuelezwa kwa manufaa ya watumishi ambao hawajapata kuifanya. Vigingi huchomekwa katika mchanga kwa safu, kamba hutandazwa baina yake, na vipande vya mbegu hufungwa katika kamba kwa taitai. Mkulima hufuata bamvua, mara mbili kwa mwezi, kwani siku za maji mafu shamba halifikiki. Baada ya wiki nne hadi sita mwani huvunwa, hubebwa kichwani ukiwa umelowa na chumvi yake, huanikwa, na ukikauka hutiwa magunia. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu ya mwani mkavu.

Wengi waliokubali kazi hii ni wanawake. Katika Zanzibar nzima inakadiriwa kuwa wakulima wa mwani ni zaidi ya 20,000, na wanawake ni kiasi cha asilimia 80 au zaidi. Katika miaka ya mwanzo fedha za mwani zilileta mabadiliko ambayo hayakuwa yamepangwa na ofisi yoyote. Mama aliyekuwa akingoja kupewa alianza kutoa. Sare za skuli, madaftari, vyombo, vitanda, hata mabati ya nyumba, vilinunuliwa kwa fedha zilizotoka baharini kwa mkono wa mwanamke.

Mwani mkavu husafirishwa katika nchi za Ulaya, Marekani na China. Huko hutolewa dutu iitwayo karajinani, ambayo kazi yake ni kugandisha na kuzitia uzito bidhaa nyingi: dawa za meno, aiskrimu, maziwa ya kopo, vipodozi na madawa. Kwa hivyo hutokea kuwa tyubu ya dawa ya meno inayouzwa dukani Uroa ina ndani yake kitu cha jamii ile ile iliyovunwa mbele ya duka hilo. Imekwenda ikiwa gunia, imerudi ikiwa imetiwa bei ya kiwanda, ya meli, ya tangazo na ya kodi. Sehemu aliyopata mkulima katika safari yote hiyo ni ile ya gunia.

MASHAKA MATATU

Ndugu Wananchi,

Mwani una mashaka matatu, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza ni joto. Katika msimu wa kaskazi maji ya kina kifupi hupata moto kupita kiasi. Mwani hugeuka mweupe, hulainika na kukatika katika kamba. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa katika sehemu nyingi za Unguja, hata wakulima wengi wakabaki na spinosamu peke yake. Maana yake ni kwamba wamebaki na zao la bei ndogo baada ya kupoteza lile la bei kubwa, ilhali kazi ni ile ile. Wataalamu wanashauri kwamba kotonii ihamishiwe katika maji ya kina zaidi yenye ubaridi. Ushauri huo ni sahihi, lakini unahitaji chombo, nanga, maboya na mtu anayejua kuogelea. Na wanawake wengi wa mwambao hawakulelewa katika kuogelea wala katika kumiliki vyombo. Isipoangaliwa, mwani utahamia kwenye kina kirefu na fedha zake zitahama pamoja nao, kutoka mikono ya akina mama hadi mikono ya wenye vyombo.

La pili ni bei. Ufilipino na Indonesia ndizo zinazozalisha mwani mwingi wa aina hii duniani, na wanunuzi hupima bei ya Zanzibar kwa bei ya huko. Uzalishaji wa Zanzibar ulivuka tani 15,000 za mwani mkavu kwa mwaka katikati ya miaka ya 2010, kisha ukateremka chini ya tani 10,000 mwaka 2020. Hilo si jambo la kushangaza. Bei inaposhuka na jua linapozidi, mama huacha kamba zake zikaoza akatafuta kibarua chengine.

La tatu ni utaratibu wa ununuzi. Tangu mwanzo ilikuwa desturi ya kampuni kumpa mkulima kamba na taitai, naye akawajibika kumuuzia aliyempa. Utaratibu huo uliwasaidia wasio na mtaji kuanza, na hilo ni haki kulitaja. Lakini mwenye kudaiwa kamba hawezi kuchagua mnunuzi, na asiyeweza kuchagua mnunuzi hana la kusema juu ya bei wala juu ya mizani.

Ama kuhusu mizani, hesabu ndogo itatosha. Ichukuliwe kuwa mkulima amevuna kilo 700 za mwani mbichi na kupata kilo 100 za mkavu. Iwapo mzani una kasoro ya gramu 50 kwa kila kilo, atalipwa kilo 95. Kilo tano zilizopotea zinaonekana ndogo, lakini ni kilo 35 za mwani mbichi alizozikata, kuzibeba na kuzianika bila ya malipo.

MFANO KUTOKA BAHARI YA PASIFIKI

Inafaa hapa kutazama mfano wa mbali, wa watu wenye udogo kuliko Unguja na upweke kuliko Unguja. Kiasi cha kilomita 500 kaskazini mwa Samoa, katika bahari ya Pasifiki, kuna visiwa vitatu vya matumbawe: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Kwa pamoja huitwa Tokelau, na ni himaya ya Nyuzilandi inayokaliwa na watu wa Polinesia. Ardhi yake yote haifiki kilomita 13 za mraba, na wakaazi wake ni kiasi cha 1,500, idadi ambayo ni ya kijiji kimoja tu cha Unguja. Haina uwanja wa ndege. Msafiri hupanda meli katika bandari ya Apia, Samoa, akakaa baharini zaidi ya siku nzima. Zao lao la zamani la kuuza nje lilikuwa mbata, kama ilivyokuwa kwa minazi ya Unguja. Watu wa asili ya Tokelau wanaoishi Nyuzilandi ni wengi kuliko waliobaki visiwani.

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, lakini chungu huyu amejaaliwa bahari halisi. Eneo la bahari lililo chini ya Tokelau ni takriban kilomita za mraba 319,000, na humo hupita jodari kwa wingi. Wenyeji hawana meli za kuwavua. Zamani nchi ndogo za eneo lile ziliuza leseni kila moja peke yake, na meli za mataifa makubwa zikawa na nafasi ya kuzishindanisha. Kuanzia mwaka 2007 nchi nane, miongoni mwao Kiribati, Tuvalu, Nauru na Papua Guinea Mpya, zilianza utaratibu wa pamoja wa kuuza siku za uvuvi: idadi ya siku hupangwa, kila nchi hupewa fungu lake, na bei ya chini huwekwa kwa makubaliano. Baadaye Tokelau ikajiunga. Kufikia mwaka 2015 bei ya chini ya siku moja ya meli ilikuwa dola 8,000 za Kimarekani. Leo leseni za uvuvi ndizo sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya Tokelau, ingawa misaada ya Nyuzilandi bado inahitajika.

Watu wale hawakuongeza samaki hata mmoja baharini. Walichobadilisha ni namna ya kuuza.

Hata hivyo mfano hauchukuliwi wote kama ulivyo. Nchi zile zinashikilia sehemu kubwa ya jodari wa dunia, hivyo mnunuzi hana pa kukwepea. Mwani wa Zanzibar ni sehemu ndogo ya mwani wa dunia, na wakulima wa Uroa hata wakiungana hawataweza kuiamuru bei ya Copenhagen au ya Manila. Lakini yapo mambo manne ambayo wanaweza kuyaamua wakiwa pamoja, na hawawezi kuyaamua kila mmoja peke yake: usahihi wa mizani, ubora wa ukaushaji, wakati wa kuuza, na mnunuzi wa kumuuzia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

KUSARIFU NA KUUZA

Njia nyengine ya kubakisha thamani ni kusarifu. Mwaka 2006 Dokta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, alianzisha mpango wa kuwakusanya pamoja wakulima wa mwani, watafiti, wafanyabiashara na Serikali. Kutokana na juhudi za namna hiyo wanawake wa vijiji mbalimbali, Kidoti na Paje wakiwemo, wamejifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula. Kipande kimoja cha sabuni ya mwani huweza kuuzwa kwa bei inayozidi ya kilo nzima ya mwani mkavu.

Hata hivyo ni lazima kusema ukweli kuwa soko la sabuni hizo ni dogo na linategemea sana wageni. Wageni walipotoweka mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, sabuni zilikosa mnunuzi. Sabuni inafaa kuwa nyongeza ya mapato, na haiwezi kuchukua mwani wote wa pwani. Ndiyo maana Serikali, ndani ya sera ya Uchumi wa Buluu ya mwaka 2020, imeupa mwani nafasi ya pekee, ikaandaa mpango wa kiwanda cha kusarifu mwani huko Chamanangwe, Pemba, na tangu mwaka 2022 imetoa mamia ya boti kwa vikundi vya wakulima wa mwani na wavuvi.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Haiwezekani kuzungumzia pwani ya mashariki bila ya kutaja utalii. Mwaka 1990 wageni walioingia Zanzibar walikuwa takriban 42,000. Mwaka 2023 walizidi 600,000, na mwaka 2024 walizidi 700,000, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wake kuwa 1,889,773. Utalii umekuwa nguzo kuu ya fedha za kigeni, na vijana wengi wa mwambao wamepata ajira ndani yake.

Lakini kipimo cha neema ya mgeni ni kile anachokiacha. Mgeni aliyelipia chumba nchini kwake, akala mboga zilizovushwa kutoka Tanzania Bara na kunywa kinywaji kilichotoka nje, ameitumia pwani ya Uroa lakini fedha zake nyingi hazikupita Uroa. Mgeni aliyekula jodari wa mvuvi wa Uroa, embe la Dunga na nazi ya Chwaka, ameacha kitu. Aidha, vigingi vya mwani na waogeleaji wanagombea maji yale yale ya kina kifupi, na njia ya kuteremkia pwani, iliyokuwa ya watu wote, huweza kuzibwa kwa ukuta wa siku moja. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma na hukodishwa kwa masharti. Kuyasimamia masharti hayo ni kazi ya ofisi, na kuyakumbusha ni haki ya mwananchi.

YANAYOPASA KUTENDWA

Kwa mnasaba huo, mambo yafuatayo yanapendekezwa kwa wakaazi wa Uroa:

Kwanza, wakulima wa mwani wajiunge katika vikundi vilivyosajiliwa, wawe na ghala la kuhifadhia mwani mkavu, na wauze kwa pamoja kwa siku inayojulikana. Mwani uliokauka vizuri huhifadhika. Hauna sababu ya kuuzwa kwa haraka kama samaki asiye na barafu.

Pili, kila kikundi kiwe na mzani wake na daftari lake, na kila mwanachama ajue kusoma vyote viwili. Gunia lipimwe kwanza kwa mzani wa kikundi kabla ya kupelekwa kwa mnunuzi.

Tatu, mwani utakapohamishiwa katika maji ya kina, wanawake wafundishwe kuogelea na kuendesha boti, na boti ziandikwe kwa jina la kikundi chao.

Nne, wavuvi waweke akiba ya pamoja kwa ajili ya barafu na makasha ya kuhifadhia samaki, na wafuate masharti ya kamati ya uvuvi kuhusu nyavu na pweza wadogo. Thamani ya samaki aliyevuliwa kabla ya kukua haiwezi kurudishwa na barafu wala soko lolote.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, maafisa wa vipimo wanatakiwa wafike dikoni na katika vituo vya kununulia mwani bila ya kusubiri kuitwa. Maafisa wa ushirika wasiishie katika kutoa hati za usajili, bali wafuatilie vitabu vya hesabu. Maafisa wa uvuvi na wa kilimo cha baharini wawapelekee wakulima khabari za joto la maji na za bei kabla ya msimu, si baada yake. Masheha waziweke wazi njia za kwenda pwani na waziandike katika kumbukumbu za shehia. Ofisi zinazoshughulikia utalii zizikutanishe kamati za vijiji na wakuu wa mahoteli ili mahitaji ya jikoni yajulikane mapema, na mkulima wa mboga na mvuvi wapate kujiandaa.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji kusubiri kiwanda kikubwa wala mfadhili kutoka nje. Mzani, daftari, ghala na mkutano wa siku moja ni vitu vilivyo ndani ya uwezo wa kijiji. Bamvua lijalo akina mama wa Uroa watateremka tena baharini kabla ya jua kupanda, kama walivyofanya kwa zaidi ya miaka 30. Inafaa safari hii gunia watakalopandisha lipimwe mbele ya macho yao, liandikwe kwa mkono wao, na liuzwe kwa kauli yao.